Hodi ya Namba Kumi na Tisa

Jumamosi ile High Street, barabara ya maduka ya Kings Heath, ilifurika watu mpaka mabasi yakawa yanaomba njia, na Asmahan alikuwa katikati ya msongamano huo, koti jekundu, mtandio wa maua, mkononi furushi la vipeperushi vimeandikwa NDIYO. Mara mtu akamkanyaga kiatu.

"Samahani, dada. Sikukuona."

"Na koti lote hili jekundu?"

"Nilikuwa naangalia uso."

Basi ndivyo ilivyoanza. Kijana mrefu, jaketi la kijani, ndevu zimechongwa, ananukia udi kama ametoka harusini. Ila kifuani amebandika beji: HAPANA.

"Kumbe wewe adui," Asmahan akasema.

"Adui anaitwa Haroun. Na wewe unauza nini?"

"Kodi."

"Siku hizi kodi inauzwa?"

"Jiji limeishiwa, kaka. Kwenye kura ya maoni Ndiyo ikishinda, kila nyumba inaongezewa kodi, na vituo vya wazee havifungwi. Bibi yangu anakwenda kituoni kila siku. Kikifungwa atakaa anatazamana na ukuta."

Uso wa Haroun ukabadilika kidogo, halafu ukarudi. "Msalimie Bibi. Lakini hao watu wa jiji mimi siwapi kitu." Akatoa simu. "Nipe namba, nikubadilishe mawazo."

Wiki mbili simu haikumtoka Asmahan sikioni. Yuko kazini, yuko jikoni, yuko kitandani anacheka chini ya blanketi.

"Umekula, adui?"

"Nimekula wali na kura zako tatu."

"Utavimbiwa."

"Nikivimbiwa utakuja kunikanda, roho yangu?"

Jioni za kampeni Asmahan alipangiwa Bordesley Green. Mwezi wa nne, mvua nyembamba, nyumba zimeshikana mabega barabara nzima. Na yeye ana tabia aliyolelewa nayo na Bibi Mwanakhamis: hagusi mlango bila kupiga hodi. Hata kwa Wazungu anapiga, kwa sauti ndogo. Mara tatu, kimya, unaondoka.

Namba kumi na tisa, mapazia yamefungwa. Akafungua tundu la barua mlangoni. "Hodi."

"Karibu."

Sauti ya mwanamke, ya Kiswahili kabisa, kutoka ndani. Asmahan akafurahi, akasubiri. Mlango haukufunguliwa. Akaita tena, kimya. Akatumbukiza kipeperushi, akaondoka.

Kesho yake akarudi. "Hodi."

"Karibu, mwanangu."

Safari hii sauti ilikuwa karibu mno, kama mtu amechuchumaa upande wa pili, mdomo kwenye tundu. Ila pumzi hakuna. Tundu lilikuwa linatoa baridi tu, baridi ya chumba kisichopikiwa. Asmahan akaangalia orodha yake ya wapiga kura. Kumi na saba ina majina. Ishirini na moja ina majina. Kumi na tisa, mstari mtupu.

Akampigia Haroun hapo hapo barabarani, anatembea haraka.

"Kuna mama anaitikia namba kumi na tisa, lakini hafungui. Nywele zimenisimama, wallahi."

Akaibana simu sikioni.

"Haroun?"

"Usiende tena pale," akasema, na simu ikakatika.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Asmahan alikwenda. Jumatano, kona ya barabara, mwavuli umemfunika uso, akamwona mwenye jaketi la kijani anatoa ufunguo, anaingia namba kumi na tisa kama kwake. Akatoka baadaye. Asmahan akachungulia kioo cha mlango; chini hapakuwa na karatasi hata moja.

Kwa hiyo sauti ile ni ya mwanamke wake, akawaza. Na vipeperushi vyangu anavizoa. Akalia kwenye basi mpaka kituo chake kikampita. Akamblock kwenye simu.

Siku ya kura asubuhi Bibi Mwanakhamis alikuwa anajifunga buibui aende kupiga kura, akamwona mjukuu macho mekundu. Asmahan akamwaga yote.

"Namba kumi na tisa?" Bibi akaacha pini hewani. "Hiyo nyumba ya Rehana. Tulikuwa tunakaa kiti kwa kiti kituoni, mpaka jiji lilipompunguzia siku za kwenda, halafu likamkata kabisa. Alianguka jikoni, akakaa siku tatu hakuna aliyejua. Mwanawe alikuwa kazini Scotland."

"Bibi, alianguka lini?"

"Mwaka jana, kabla ya Ramadhani. Mungu amrehemu."

Asmahan akakaa chini kwenye zulia. Kisha akamfungulia Haroun namba yake, akapiga.

"Nilidhani una mwanamke mle ndani," akasema.

"Ninaye. Mama hapendi barua zilale chini, ndiyo naziokota." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Uliponiambia anakuitikia, nilidhani unanichezea. Halafu nikaona wivu. Mimi mwanawe, napiga hodi pale kila siku toka mwaka jana. Hajanijibu hata mara moja."

Wakakutana nje ya shule inapopigwa kura, mvua inawadondokea wote wawili.

"Walimkata kituoni," Haroun akasema. "Leo wanataka niwape kodi. Walikuwa wapi?"

"Sijui. Siwatetei hao." Asmahan akamshika mkono wa jaketi. "Lakini Bibi yangu akianguka jikoni, nani atagundua kiti chake kiko wazi?"

Haroun aliingia ndani. Akatoka.

"Umepiga ipi?"

"Kura ni siri, mpenzi."

Kesho yake Ndiyo ikapita, kwa kura chache mno. Simu ikalia.

"Nataka kuja kwa Bibi yako na wazee, kuleta posa," Haroun akasema. "Ila kwanza nataka Mama ajue. Nisindikize."

Mchana mweupe, saa nane, walisimama namba kumi na tisa. Haroun akapiga hodi mara tatu. Kimya. Asmahan akapiga. Kimya vilevile, na macho ya Haroun yanamtazama mdomo.

"Ameitikia," Asmahan akadanganya. "Amesema karibu."

Haroun akafuta macho, akafungua. Mezani vipeperushi vya NDIYO vimepangwa vizuri, chini ya miwani ya Mama. Wakasimama sebuleni, hawajui waanzie wapi.

"Mama," Haroun akasema, "huyu Asmahan."

Kutoka jikoni, taratibu, kama mtu aliyeshika kazi, sauti ikasema:

"Funga mlango basi, mwanangu. Baridi inaingia."

Asmahan akageuka kumtazama Haroun. Safari hii naye amesikia. Haroun alirudi mlangoni, akaufunga, wao wakiwa ndani.