Malti Si Damu

Kila asubuhi nauza kontomire, majani ya magimbi, katika soko la mji wa Techiman, Ghana. Nafunga mafungu, nayanyunyizia maji, naita wateja. Yanayobaki napika nyumbani. Binti yangu Serwaa, mwenye miaka kumi na mitano, akiyaona hununa.

"Mama, majani na maharage tena? Hicho chakula cha kijijini. Hakina kitu."

"Chenye kitu ni kipi?"

"Malti na maziwa. Shule nzima inajua, hata matangazo ya redio yanasema. Ilivyo nyeusi ile, inaongeza damu."

Nami, mjinga mimi, nilikubali. Hata mama yangu aliwanywesha hivyo wanawake waliotoka kujifungua. Basi nikawa nanunua malti, kinywaji kile cheusi cha chupa kama soda, nachanganya na maziwa ya kopo. Serwaa anakunywa, sahani ya mboga anaisukuma pembeni.

Serwaa ni mkimbiaji. Wiki kumi kabla ya mashindano ya shule, alianguka mazoezini. Midomo ilikuwa imempauka. Nikampeleka zahanati, na muuguzi, Dada Pokuaa, akampima damu.

"Saba nukta tisa," akasema. "Inatakiwa kumi na mbili. Kwa damu hii hakimbii."

Serwaa akaanza kulia. Mimi nikawaka.

"Damu itapunguaje na malti anakunywa kila siku? Kipimo chenu kibovu hicho."

Dada Pokuaa akapima tena mbele yangu. Jibu likawa lilelile.

"Mama, nani kakwambia weusi ni damu? Mbona lami nayo nyeusi? Malti ni maji, nafaka na sukari nyingi. Msichana anapoteza damu kila mwezi. Anahitaji madini ya chuma, na hayo yamo kwenye maini, dagaa, maharage na majani ya kijani. Ale pamoja na chungwa, mwili uyapokee vizuri. Maziwa na chai asinywe na chakula hicho, vinazuia. Na vidonge hivi ameze kila siku, kisha umrudishe tumpime." Akaniangalia. "Kwani wewe unafanya kazi gani?"

Nikaanza kukusanya vidonge mezani.

"Anauza kontomire," Serwaa akasema kwa sauti ndogo.

Tukarudi nyumbani. Nilimkasirikia yeye, nikawakasirikia wenye matangazo, na zaidi nilijikasirikia mwenyewe. Jioni nikaweka sahani mezani: kontomire, maharage, dagaa, na chungwa pembeni.

"Wenzangu wakijua watanicheka, Mama."

"Wacheke. Siku ile ulipoanguka, kicheko chao kilikuinua?"

Akala huku amekunja uso. Kesho yake akala tena. Wiki ya nne akaanza kuuliza mwenyewe kama maharage yameiva. Vidonge alimeza bila kukumbushwa, maana mbio alizitaka kuliko kitu chochote.

Siku chache kabla ya mashindano tulirudi zahanati. Dada Pokuaa akasoma kipimo: kumi na mbili nukta moja.

"Mwache akimbie," akasema.

Serwaa alikimbia mita mia nane akashika nafasi ya tatu. Wanawake wa sokoni walirukaruka na kupiga vigelegele. Mimi nilikuwa bado najikasirikia. Miaka kumi na miwili ya kuuza kontomire nimelisha watoto wa soko zima, wa kwangu nikamnywesha sukari.