Foleni ya Siku ya Gulio

Mwaka ule, nyumbani kwetu Kibondo, uji wa asubuhi ulipikwa na baba. Mama aliamka saa kumi na moja, akakaa mezani na kompyuta yake, akasoma mpaka saa moja. Kisha alikwenda kazini hospitalini, ambako alitunza kumbukumbu za wagonjwa. Majirani walimtania baba kwamba ameolewa. Baba alicheka tu na kuendelea kukoroga uji wake wenye madonge, nasi tuliunywa bila kulalamika.

Mama yangu, Esteri Ndayikeza, alikuwa anasomea shahada ya uzamili ya usimamizi wa taarifa za afya, masomo ya watu wanaosoma huku wakifanya kazi. Vipindi vingi vilikuja kwa mtandao, na Jumamosi moja kila mwezi alipanda basi kwenda Kasulu kukutana na walimu wake. Mwaka mmoja na nusu ulipita sijamwona akipumzika siku nzima. Sasa ulibaki utafiti. Alitaka kujua wagonjwa wa kituo cha afya cha mtaani kwetu husubiri muda gani kabla ya kumwona daktari, ili kompyuta zikifungwa pale mapokezi, ijulikane kama zimesaidia.

Kwa kuwa yeye alikuwa kazini, wakati wa likizo alinipa kazi hiyo mimi, Kezia, wa darasa la sita. Mganga mfawidhi, Daktari Niyibizi, aliikubali. Alikuwa na mwezi mmoja tu tangu ahamie, naye pia alizihitaji hizo takwimu. Kwa wiki mbili ningekaa kwenye benchi karibu na mlango. Kila anayefika ningempa kadi yenye namba na kuandika saa. Akiitwa na daktari angenirudishia kadi, nami ningeandika saa tena. Majina sikuruhusiwa kuyaandika, kwa sababu, mama alisema, ugonjwa wa mtu ni siri yake.

Jumatatu nilifanya kazi vizuri, hata nikajiona mkubwa. Jumanne ilikuwa siku ya gulio, tena ndiyo siku ya kliniki ya presha. Watu wa vijijini walifika mapema ili watibiwe kwanza, kisha waende sokoni. Saa tatu benchi zilikuwa zimejaa na wengine wamekaa chini. Hapo ndipo rafiki yangu Sophie alipopita akaniambia kuna viatu vizuri vya mitumba vimeshushwa. "Twende chap, tunarudi sasa hivi," alisema. Nilijiambia kwamba dakika ishirini hazitamdhuru mtu.

Sokoni tulisahau muda, tukarudi saa tisa na nusu. Benchi zilikuwa tupu, na kadi zangu zilikuwa zimerundikwa kwenye dirisha la mapokezi. Nani aliitwa saa ngapi, sikujua. Nilichukua karatasi ya Jumatatu nikaifuata, nikibadilisha hapa na pale: dakika arobaini, arobaini na tano, thelathini na nane. Nilichomeka na hamsini na mbili ili isionekane nimebuni. Jioni mama alinisifu kwa mwandiko mzuri. Jumanne iliyofuata nilifanya vilevile, maana uongo wa kwanza ulikuwa umepita bila mtu hata kukohoa.

Baada ya wiki chache mama alirudi nyumbani na furaha. Alitueleza kwamba Daktari Niyibizi alikuwa ameusoma utafiti wake na kuamua jambo. Pale mapokezi walikuwepo watu wawili, Saady na Ange. Kwa kuwa takwimu zilionyesha siku ya gulio haina foleni ndefu, Ange angekuwa akienda vijijini kusaidia chanjo kila Jumanne. Saady alipinga, akasema Jumanne ndiyo siku ngumu kuliko zote. Daktari alimwonyesha karatasi na kumwambia aache uvivu.

"Sijahitimu bado, na kazi yangu imeanza kutumika," mama alisema. Nilisukuma ugali wangu pembeni. Baba aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ndiyo, na huo ukawa uongo mwingine. Kila Jumanne baada ya hapo nilizunguka njia ya nyuma nikitoka shule ili nisipite mbele ya kituo.

Jumanne ya tatu baba alinituma kumpelekea maharage Bibi Pelagia, jirani yetu aliyekuwa na presha. Nilimkuta kalala mkekani, kichwa kinamuuma na mkono wa kushoto hauinuki. Nilimuuliza kama ametumia dawa.

"Zimeisha, mwananje," alisema kwa shida, akiniita mwanangu kwa Kiha. "Gulio mbili nimekwenda nikarudi mikono mitupu. Leo nimekaa mpaka saa tisa. Foleni haiendi, yule kijana wa dirishani yuko peke yake."

Nilikimbia kumwita baba, naye alitafuta gari akampeleka hospitali. Aliokolewa, lakini daktari alisema mkono ule utachukua muda mrefu kupata nguvu. Watu walinipongeza kwa kuwahi kumwita baba. Sijawahi kuona aibu kama niliyoiona siku ile nikipongezwa.

Ijumaa jioni mama alikuwa anapanga mkoba wake. Kesho yake angekwenda Kasulu kuwasilisha utafiti, na ukipita angehitimu mwezi Novemba na wenzake. Nilijua nikinyamaza, yeye atavaa joho na wagonjwa watabaki kwenye foleni. Nikisema, huenda nikaharibu kazi yake ya karibu miaka miwili. Nilisimama mlangoni.

"Mama, zile Jumanne mbili sikukaa pale. Nilibuni."

Aliuliza ni kadi ngapi. Nilimwambia ni zote za siku hizo, zaidi ya themanini. Alikaa kitandani. Nilitamani anichape yaishe, lakini hakunigusa.

"Bibi Pelagia alikuwa kwenye foleni hiyo?" aliuliza.

"Ndiyo, mama." Nililia, naye aliniacha nilie.

Kasulu alikwenda, lakini kuwaambia walimu wake kwamba takwimu zake hazifai. Walimwagiza ahesabu upya, na Novemba ikampita. Jumatatu alinipeleka kituoni. Nilimwamkia Daktari Niyibizi, kisha nikaeleza kila kitu mbele yake na mbele ya Saady.

"Mwezi mzima naitwa mvivu," Saady alisema. "Walau umekuja kusema mwenyewe."

Daktari alimwomba Saady radhi palepale na kumrudisha Ange dirishani kuanzia kesho yake. Bibi Pelagia nilimwomba msamaha hospitalini. Alinishika mkono kwa ule wake mzima, akasema amenisamehe, ila niwe nakwenda kumchotea maji. Nilimchotea, na bado namchotea.

Likizo iliyofuata mama aliomba ruhusa kazini, tukakaa wote wawili kwenye benchi wiki mbili nzima. Siku ya gulio watu walisubiri wastani wa saa mbili na dakika arobaini, hata dirishani wakiwepo wawili. Daktari Niyibizi alipoziona namba hizo aliihamishia kliniki ya presha Alhamisi, na foleni ya Jumanne ikapungua.

Mama alipomaliza kuandika utafiti wake upya, alinionyesha ukurasa mmoja. Ulisema takwimu za kwanza ziliondolewa kwa sababu hazikuwa za kweli, na kwamba kosa ni la mtafiti mwenyewe, kwa kuwa hakukagua kazi aliyoagiza. Jina langu halikuwemo. Nilimwambia si haki, kosa lilikuwa langu.

"Lako umelisema mbele ya Saady," mama alijibu. "Hili ni langu. Msichana wa darasa la sita nilimwachia kazi hii peke yake, na sikwenda kumwangalia hata siku moja. Nasomea kusimamia taarifa za wagonjwa, Kezia. Siwezi kuanza kazi hiyo kwa kuficha kosa. Karatasi haikatai uongo, mwanangu, inapokea chochote unachoandika. Anayekuja kuumia ni mtu ambaye hakuwepo ulipokuwa ukiandika, naye hatajua nani amemuumiza. Kwa hiyo wewe mwenyewe ndiye wa kukataa."