Mume Wangu Alijua Moyo wa Mtoto Wetu Unataka Nini

Nina miaka ishirini na tisa, msusi wa nywele hapa Eldoret. Ndugu wasomaji, haya sijawahi kumsimulia mtu mpaka mwisho...

Nikiwa na mimba yangu ya kwanza, nesi wa kliniki hakuridhika na mapigo ya moyo wa mtoto. Akanituma nikapigwe picha ya moyo wake akiwa tumboni. Mume wangu Kipkoech alinisindikiza.

Daktari alizungusha kifaa tumboni mwangu kwa muda mrefu, akitazama skrini. Mwishowe akatuonyesha. Vyumba vinne vya moyo vilikuwepo, lakini mishipa miwili mikubwa ya damu ilikuwa imebadilishana mahali. Tumboni mtoto hana shida, alisema. Shida huanza akizaliwa. Lazima azaliwe hospitali kubwa mjini, aanzishiwe dawa papo hapo, kisha apasuliwe.

“Wengi hupona,” akatuambia. “Lakini msije mkazalia mbali.”

Kipkoech aliniomba tusimwambie mtu, hata mama yangu. Nikadhani ni mapenzi... Kumbe!

Siku zilipokaribia, akanipeleka kwa mama yake, kijijini Chepsaita, eti nikapumzike. Uchungu ukanishikia huko. Nikamsihi Kipkoech anirudishe mjini. Gari lilikuwa pale uani! Akasema barabara ni matope, na mimba ya kwanza huchelewa. Mama mkwe akasema yeye watoto wake wote aliwazalia nyumbani. Nikaomba simu yangu. Nikaambiwa haionekani.

Nilijifungua mvulana katika zahanati ya karibu. Alilia vizuri... kisha midomo ikaanza kugeuka bluu. Nesi akamwekea oksijeni, wapi! Nilipomweleza habari ya mishipa, alimgeukia mume wangu, akamuuliza kama alijua. Kipkoech akatoka nje, nesi akapiga simu kuita ambulensi.

Ambulensi ilifika mwanangu akiwa ameshanifia mikononi.

Tulipokwisha kumzika, nilimuuliza Kipkoech kwa nini. Hata hakukasirika.

“Chebet, ungetaka kulea mgonjwa maisha yako yote? Mama alisema tumwachie Mungu aamue. Tutapata mwingine, mzima.”

Mungu aamue? Na simu yangu, ni Mungu aliyeificha?

Nilirudi kwetu Cheptiret. Kipkoech alioa tena. Juzi nimesikia amepata binti mwenye afya, na kanisani walimpigia makofi...

Dada yangu, ukiambiwa moyo wa mtoto wako una kasoro, usikubali iwe siri. Mwambie mama yako, mwambie jirani mwenye gari. Na anayekuomba unyamaze, jiulize anamlinda nani.

Mimi nilijiuliza mwanangu akiwa tayari kaburini.