Kiti cha Namba 31

Jumatatu ile mdogo wa karani wa ratiba ya marubani hakuonekana, na karani mwenyewe ndiye aliyeandika kwa mkono wake: Namba 31, hakufika. Ilikuwa saa 2:05 asubuhi. Kozi ya ukapteni ilikuwa na viti viwili tu, cha Namba 31 na cha Namba 32. Asiyekuwepo saa mbili kamili hupoteza kiti, na huitwa anayefuata kwenye orodha ya miaka ya kazi. Karani alimkasirikia mdogo wake, akanyanyua simu, akamwita Namba 33.

Saa 3:40 polisi walimpigia. Gari la mdogo wake lilipinduka saa 1:25, kilomita ishirini kutoka mjini, likirudi kwa kasi.

Baada ya mazishi hakuweza kutulia. Alifagia chumba kilichokwisha kufagiwa, akachemsha chai akaisahau. Kazini walinong'ona kwamba marehemu aliogopa mtihani, akatoroka. Miaka kumi na mmoja alisubiri kiti kile, leo aitwe mwoga?

Mjane alimpa simu ya marehemu. "Alipigiwa saa 11:20 alfajiri, wifi. Akasema darasa limehamishiwa chuo cha zamani."

"Nani alipiga?"

"Hakusema. Alikuwa anavaa soksi huku anatembea."

Namba ile karani aliijua: simu ya mezani ya chumba cha marubani. Chuo cha zamani, kilomita themanini kutoka mjini, kilifungwa miaka minne nyuma. Mlinzi wake alikumbuka mtu mwenye sare aliyetikisa geti saa 12:40, akatazama saa yake, akageuza gari mbio.

Daftari la bawabu wa kazini lilionyesha kwamba hadi saa 11:20 marubani wawili tu walikuwa wameingia. Namba 32, waliyemwita Pacha, saa 11:02. Namba 33, waliyemwita Mwalimu, saa 11:10.

Karani aliyapeleka yote polisi. Inspekta alikuja kazini kuwahoji mbele yake, akaanza na Pacha.

"Umekaa nyuma ya marehemu miaka kumi na mmoja."

"Kwa miezi minne ya kuzaliwa, afande. Tuliajiriwa siku moja, kwa hiyo wakatupanga kwa umri. Mpaka juzi ananiita dogo." Alitaka kucheka, akafuta uso kwa kiganja. "Nilikuja mapema kusoma."

"Na yeye akitoka, unapanda."

"Muachie, Inspekta," karani alisema. "Viti vilikuwa viwili. Huyu chake alikuwa nacho tayari. Aliyehitaji mmoja akosekane ni wa tatu."

Mwalimu aliingia ameshika kofia. Zamani alikuwa kapteni wa kampuni nyingine, na mkufunzi wa vijana katika chuo kile kile. Kampuni ilipofilisika alianza upya hapa, mkiani mwa orodha, maana miaka ya kwingine haihesabiwi. Sasa alikuwa na miaka sitini na mitatu. Kwenye msiba alibeba viti tangu asubuhi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Pole tena."

"Jumatatu ile ulikuwa mapumzikoni. Ratiba niliipanga mimi."

"Ndiyo."

"Kutoka kwako hadi hapa ni mwendo wa saa nzima. Nilikupigia saa 2:05, ukafika 2:15, sare kamili, vitabu mkononi. Nikakushukuru kwa kuwahi."

"Nilikuwa karibu."

"Karibu wapi?" Inspekta aliuliza, akamsogezea daftari la bawabu.

Mwalimu aliusoma mstari wake, akaweka kidole juu yake kana kwamba angeweza kuuficha.

"Nilitaka achelewe tu," alisema. "Yeye angeingia kozi ijayo baada ya miaka mitatu, si mingi kwa kijana. Mimi nastaafu baada ya miwili. Miaka tisa nimekaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, napokea amri kwa watoto niliowafundisha kushika usukani."

"Aliijua sauti yako," karani alisema.

"Aliijua. Hakuuliza hata swali moja. Alisema, 'Asante, Mwalimu.'"

Inspekta alisimama, akamfungulia mlango. Karani alibaki na daftari la kozi. Alikata neno "hakufika", akaandika juu yake "alipotoshwa", akaweka saini na tarehe.

Orodha ya marubani haiachi nafasi wazi. Jumatatu iliyofuata aliichapa upya, majina mawili yakiwa yametoka na wote wa chini wamesogea juu. Namba 31 sasa ni Pacha.