Uzito wa Mzee Metodi

Ndege iligoma kupanda.

Nevena Toleva aliisukuma injini mpaka mwisho, akatazama kipimo cha mwinuko, akalaani kimoyomoyo. Jana, yeye na mkufunzi wake ndani ya Cessna hii hii, waliivuka miti ya mipopla ya mwisho wa uwanja kwa urefu huu huu. Leo alikuwa peke yake.

Au alidhani hivyo.

"Nikishuka mimi," Mzee Metodi alikuwa amemwambia, "itaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Kilo tisini zimeondoka! Usiogope, binti."

Mbuzi gani? Hii ilipanda kama punda wa kinu. Tena pua ilijiinua yenyewe, na Nevena alilazimika kuusukuma usukani kwa mikono miwili. Mkia ulikuwa mzito. Mtu yeyote aliyefundishwa na Metodi anajua maana ya mkia mzito.

Kifo.

Pale klabuni walimjua Nevena kwa jina la Raina, msaidizi wa daktari wa meno anayetaka urubani. Ukweli ni kwamba alikuwa kapteni wa usalama wa taifa. Kwa miezi saba alikuwa akidamka alfajiri, akasukuma ndege kwenye nyasi zenye umande, akafuta wadudu waliokufa kwenye vioo, akakariri aina za mawingu, akala banitsa, mkate wa jibini, ya moto na watu aliotumwa kuwasaliti. Na ubaya wa kazi hii ni kwamba aliwapenda.

Mara tatu vifaa vya kuongozea makombora vilikuwa vimetoka kwenye uwanja huu na kuvuka mpaka. Mara zote tatu ilikuwa siku ambayo mwanafunzi ameruka peke yake kwa mara ya kwanza. Siku hiyo kila mtu hujipanga na ndoo kummwagia maji, hata polisi wawili wa mpaka wanaolinda uwanja. Nani atazame ndege inayoondoka?

Nevena alikuwa ameijua siku. Ndege ndiyo hakuijua. Na asiporudi leo na ushahidi, Kanali wake angeifunga kazi jioni.

Asubuhi alipotaka kuikagua Cessna, Mzee Metodi alimkatiza. "Nimeshaikagua mimi. Panda." Mzee huyo hakuwahi, hata siku moja, kumpandisha kwenye ndege ambayo mwanafunzi mwenyewe hakuipapasa kutoka pua hadi mkia. Nevena alidhani ni huruma ya siku kubwa.

Mjinga!

Akaukandamiza usukani kwa goti, akachomoa kisu mguuni, akanyoosha mkono nyuma ya kiti, akapasua kitambaa cha ukuta wa mizigo. Masanduku ya kijivu. Muhuri wa jeshi. Sita.

Simu ilikuwa kwenye soksi. Akaandika kwa kidole gumba: *Mkate umeiva. Ninao mimi.*

Jibu la Kanali lilikuja papo hapo: *Usitue hapo. Nenda kambi ya jeshi. Kilomita arobaini.*

Arobaini! Na huku hajawahi kwenda mbali na uwanja bila mkufunzi. Zaidi ya hayo, akipotea tu, wahalifu walioko chini wangetoroka pia.

*Natua hapa. Waamshe vijana wetu wa kwenye alizeti,* akaandika, na kuizima simu.

Redio ikakoroma. "Kilo Tano, uko juu kidogo." Sauti ya Mzee Metodi, akiiita ndege kwa jina lake la redioni. Alikuwa amesimama kwenye nyasi na redio ya mkononi, kama desturi inavyomtaka mkufunzi, haondoki mpaka mwanafunzi atue. "Pua chini, binti. Chini. Usiiachie!"

"Kilo Tano, nimesikia."

Mwendo ukapungua, pua ikataka mbingu, akaikandamiza. Magurudumu yakagonga, yakaruka, yakagonga tena.

Yakatulia.

Plamen, fundi wa klabu, alikuwa wa kwanza kufika mlangoni, injini ingali inanguruma. "Hongera, mama! Shuka, ndoo inakusubiri. Mimi naipeleka kwenye mafuta."

Hivyo ndivyo mizigo ilivyokuwa ikiondoka. Nevena akachomoa ufunguo. Injini ikafa.

"Lala chini, Plamen."

"Utani gani huo?"

Bastola ya Glock 19 ikamgusa mbavu. Plamen akalala.

Watu bado walikuwa wakicheka. Polisi wa mpaka walikuwa na banitsa midomoni, ndipo magari matatu meusi yalipotoka kwenye shamba la alizeti, na kicheko kikaisha.

Mzee Metodi alikuwa amefika karibu, ndoo mkononi, imejaa.

"Imeruka vipi?" akauliza taratibu.

"Nzito, Mzee. Kama vile hukushuka."

Mzee akaiweka ndoo chini. Hakukimbia.

"Nilipiga hesabu mara tatu," akasema. "Ingetua."

"Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mkia mzito unaua."

"Unaua wasiojua kuruka. Wewe unajua."

Risasi isingemuuma Nevena kiasi hicho. Akamfunga pingu yeye mwenyewe, akageuza uso ili mzee asimwone macho.

"Kitabu chako cha safari kiko mfukoni mwangu," Metodi akasema. "Nimeshakitia sahihi."

"Kabla sijatua?"

"Nilijua utatua."

Akakichukua. Mwandiko wa mzee ulikuwa safi, kama siku zote: *Raina Kostova. Ameruka peke yake.* Jina halikuwa lake, na peke yake hakuruka. Akakitumbukiza kwenye mfuko wa ushahidi.

"Kazi safi, Kapteni," Kanali akamwambia, akimfungulia mlango wa gari. "Tutakupa likizo."

"Nipe sigara."

Akaiwasha, akaipita ile ndoo iliyokuwa bado imejaa, akapanda gari nywele zikiwa kavu.