Landrova ya Mzee Athuman

Kila siku alipotoka shule, Nasma alivua sare, akala chakula kilichomsubiri jikoni, akaosha sahani, kisha akaenda kusafiri. Safari zenyewe hazikumtoa uani. Alifunua turubai, akapanda kwenye Landrova kuukuu ya babu yake, akashika usukani kwa mikono miwili, na papo hapo akawa njiani. Siku ambazo ukungu ulishuka kutoka vilimani na kuifunika Kasulu, kioo cha mbele kilikuwa cheupe chote, naye alijichorea humo barabara aliyoipenda. Aliipita Buhigwe, akapanda milima na kuteremka, akawapungia mkono watu waliokuwa wakipalilia maharage. Alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, lakini alikuwa amesafiri kuliko madereva wengi wa mabasi, tena bila kuchoma hata tone la petroli.

Babu yake, Mzee Athuman, alikuwa akikusanya mazao vijijini kwa gari hilo enzi za ujana wake. Sasa lilikuwa halijawaka kwa miaka kumi na miwili. Mzee alikuwa amelitengeneza mwenyewe, kidogo kidogo, akabakiwa na kifaa kimoja tu. Kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, ilikuwa imepasuka, na nyingine ya aina hiyo haikupatikana dukani popote.

Mzee alikuwa na ahadi. Dada yake mkubwa, Bi Kuruthumu, aliishi Muyama na alikuwa amepita miaka themanini. Kila alipoambiwa akodiwe gari aje Kasulu kuwaona wajukuu, alikataa katakata. "Nitakuja kwa gari letu, ulilonipakia nilipokuwa bibi harusi," alisema. "Uliniahidi, Athuman." Ahadi ni deni, na deni hilo lilimkosesha mzee raha.

Mama yake Nasma, Mwanaheri, aliyeuza vitenge mjini, alimruhusu kutumia simu yake nusu saa kila jioni baada ya kazi za shule. Siku moja Nasma aligundua kundi la WhatsApp la wapenzi wa magari ya kale mkoani Kigoma.

"Babu, tuingie humu. Tutaipata kabureta," alimsihi.

"Mtandao ni soko la wapita njia," Mzee Athuman alijibu huku akipangusa spana zake. "Kila mtu anatazama, hakuna anayenunua. Gari hupona kwa spana, mwanangu, haliponywi kwa picha." Lakini hakuweza kumnyima mjukuu wake jambo. Akakubali jina lake litumike, na Nasma awe mwandishi.

Nasma aliandika kwamba wanatafuta kabureta, akasubiri. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili, bila jibu. Wakati huohuo wenzao walirusha picha za magari yaliyong'aa kama sufuria mpya, na kila picha ilimwagiwa mioyo na vidole gumba. Nasma alizitazama mpaka akaziota. Usingizini aliiona Landrova yao ikielea juu ya ukungu, taa zikiwaka, na watu wa kundi zima wamejipanga kando ya barabara wakiipigia makofi. Alipoamka na kuikuta pale pale chini ya turubai, aliona aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyeshindwa kuwaka.

Jumamosi moja mama aliisahau simu nyumbani, na babu alipokwenda msikitini kuswali adhuhuri, Nasma alimwita rafiki yake Apoline. Uani kwao kulikuwa na mteremko mdogo ulioishia kwenye lundo la mchanga wa kujengea. Na jirani yao alikuwa na mashine ya kusaga, ambayo siku za Jumamosi ilinguruma tangu asubuhi.

"Wewe shika simu, urekodi," Nasma alisema. Akayatoa mawe yaliyozuia magurudumu, akarukia usukani. Landrova ikaguna, ikaanza kuteremka taratibu.

"Nasma! Babu yako akirudi je?" Apoline alipiga kelele huku akirekodi.

"Dakika moja tu! Ni kwa ajili yake!"

Gari lilitembea hatua kumi na tano, likajikita kwenye mchanga. Kwenye video lilionekana linaendeshwa, na ngurumo ya mashine ikasikika vizuri, utadhani injini imeamka. Nasma akaandika: "Imefufuka! Landrova ya Athuman wa Kasulu inatembea tena." Akairusha.

Loo, sifa zilizomiminika! Mioyo, vidole gumba, "hongera mzee", "Kasulu hoyee". Mzee aliporudi na kukuta gari limesogea, Nasma alisema lilijisogeza lenyewe. Uongo wa kwanza ulikuwa tayari umezaa wa pili. Hata hivyo jioni nzima alitembea kama aliyekanyaga pamba.

Kesho yake aliifungua simu akitabasamu, akakuta ujumbe wa mtu aitwaye Pasikali, fundi mstaafu wa Kibondo.

"Hongera, Mzee Athuman. Niliona ombi lako, nikawa napekua stoo yangu siku zote hizi. Juzi kabureta nimeipata, nzima kabisa. Nilitaka kukushangaza. Kwa kuwa gari lako limekwisha pona, nimemwahidi ndugu Mansuri wa Buhigwe. Atakuja kuichukua Jumanne."

Nasma alisoma mara tatu. Kabureta ilikuwepo, ilikuwa yao, naye ndiye aliyeifukuza. Alimwona Bi Kuruthumu ameketi barazani kwake Muyama, akiitazama barabara isiyoleta mtu. Akalia mpaka kamasi zikamchuruzika.

Angeweza kunyamaza. Mzee asingejua kamwe. Lakini alipomwona babu yake akitoka na kitambaa chake kupangusa gari ambalo sasa lisingewaka tena kwa sababu yake, alimfuata.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Mbona macho mekundu?"

Akasema yote: mawe, mteremko, mashine, na kabureta ya Kibondo. Mzee Athuman alikaa juu ya tairi chakavu.

"Ungekanyagwa na gari," mzee alisema. "Hilo la kwanza. La pili, ni jina langu lililosema uongo mbele za watu. Leta simu. Sitaandika mimi, wala hutaandika wewe. Utasema kwa sauti yako, wakusikie."

Nasma aliminya kitufe cha kurekodi. "Shikamooni nyote. Mimi ni Nasma, mjukuu wa Mzee Athuman. Gari letu haliwaki. Niliachia literemke, na sauti mliyoisikia ni ya mashine ya kusaga. Babu hakujua. Naomba mnisamehe. Mzee Pasikali, bado tunaihitaji kabureta, lakini najua umekwisha mwahidi mwingine." Kisha akapiga picha ya kabureta yao, ufa wake ukionekana waziwazi, akaituma.

Wapo waliocheka. Mmoja aliandika, "Basi hiyo Landrova isage debe langu la mahindi!" Masikio ya Nasma yakawaka moto. Kisha sauti ya Pasikali ikaja, nzito na ya taratibu:

"Mwakeye, mjukuu wangu," alianza kwa salamu ya Kiha. "Kusema kweli nilijiuliza, injini gani hii ya petroli inayopiga kama ya dizeli! Lakini neno langu nimempa Mansuri. Siwezi kulirudisha. Mwombe mwenyewe."

Nasma akamwomba. Siku nzima ya Jumatatu Mansuri hakujibu, na darasani mwalimu alimwita Nasma mara mbili bila kusikika. Jioni, mama aliporudi na simu, jibu lilikuwemo: "Nimeitazama picha yenu. Yangu inavuja tu, ninaweza kuivumilia. Yenu imekufa. Chukueni. Ila nikipata shida siku moja, msijifiche."

Jumamosi iliyofuata Pasikali alishuka basi la Kibondo akiwa amekumbatia kifurushi kifuani kama mtoto mchanga. Wazee wawili hawakuwahi kuonana, lakini walisalimiana kwa kupiga makofi ya Kiha, wakajulishana habari za shamba, za wajukuu na za mvua, kisha wakainama chini ya boneti. Nasma aliwashikia tochi na kuosha skrubu kwa petroli. Alasiri Pasikali alizungusha hendeli ya kuwashia injini. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kikohozi. Mara ya tatu injini ikawaka, na Mzee Athuman akageuka upande wa ukuta ili wasimwone akifuta macho.

"Umeona, Nasma?" alisema alipoweza kusema. "Nilidhani mtandao hauna faida kwa sisi wenye magari mabovu. Nilikosea. Una faida, lakini ni kama hospitali. Ukimwambia daktari u mzima, atampa dawa mgonjwa wa nyuma yako. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Watu wanaokusifu ni wengi. Wa kukusaidia hawawezi kukujua mpaka uwaonyeshe ufa."

Baada ya wiki mbili za kurekebisha breki, walikwenda Muyama, Pasikali, aliyekuja tena kutoka Kibondo, akiendesha. Ukungu ulikuwa umelala mabondeni, vilele vya vilima vimechomoza juu yake kama visiwa, na Nasma, kwenye kiti cha nyuma, hakuwa na hakika kama alikuwa macho au anaota. Bi Kuruthumu alitoka amevaa kanga mpya. Alipapasa mlango wa gari kwa kiganja, akapanda, akaketi mbele.

"Umechelewa, Athuman," alisema. "Twende."

Waliporudi Kasulu, Nasma aliomba simu. "Babu, niwaandikie kundini kwamba tumefika salama?"

"Waandikie," Mzee Athuman alijibu. "Na usisahau kusema kwamba pale Buhigwe lilizimika, tukasukumwa na wanafunzi na Mansuri mwenyewe."