Hodi Kwenye Dari

Jumamosi saa nne asubuhi, rafiki yangu mpiga plasta alimaliza kulainisha dari ya chumba cha mama yake, aliyekuwa akirudi siku hiyo kutoka hospitali. Vinundu vya plasta ya zamani alikuwa amevikwangua vyote. Akagonga hapa na pale, akisikiliza kama plasta imeshika.

"Baba Pacha, mbona unabisha bila hodi?" mkewe alimtania.

"Hodi!" akaiambia dari. Wakacheka.

Jioni mama alikuwa amejilaza chumbani humo, rafiki yangu ameketi kando yake, umeme ulipokatika. Gizani dari ikagongwa kwa juu, ambako kulikuwa na mabati tu. Iligongwa hapa na pale. Kisha sauti ya rafiki yangu mwenyewe ikasema huko juu, "Hodi!"

Alinyoosha mkono amzibe mama mdomo, lakini mama alikuwa ameshajibu.

"Karibu, mwanangu. Pita ndani."